Dokta ajibu juri, ajibu na mugonjwa

Wengi wanawaza kama daktari wa familia ni dokta mudogo. Hapana. Njo yule anayepokea mutoto mwenye homa asubuhi, mama mwenye mimba saa sita, muzee wa presha mangaribi, na muchimbaji anayekohoa tangu miezi mitatu. Ni utaalamu wenye masomo yake, kiisha mutu kumaliza udaktari. Makerere, kule Uganda, iliuanzisha mwaka 1989. Chuo Kikuu cha Moi, Kenya, mwaka 2005. Hapa Congo, Chuo Kikuu cha Kiprotestanti cha Kinshasa kinaufundisha.

Kwenye mutihani wa kujibu kwa kinywa, juri inaleta habari ya mugonjwa: umri, kazi, dalili. Kisha inauliza: unawaza ugonjwa gani? Unaanza na nini? Na kama kile kipimo hakiko? Hilo swali la mwisho, hapa Nundu tunalijua vizuri. Mutihani wa namna hiyo tunauunga mukono, kwa sababu mutu aliyekariri tu anaonekana mara moja.

Lakini kuna kitu kinabakia. Juri inasikiliza Kifaransa. Mugonjwa wa Nundu anasikia Kiswahili na Kibembe.

Tuchukue muchimbaji wa Misisi. Vumbi la mawe linaharibu mapafu na linafungulia kifua kikuu mulango. Dawa zake ni za miezi sita: miwili ya kwanza dawa za aina nne, mine inayofuata aina mbili. Kiisha majuma machache kikohozi kinapunguka, nguvu zinarudi, naye anarudi kwenye shimo na kuacha vidonge. Ugonjwa unarudi na ukali, na sasa bibi na watoto wanaolala naye chumba kimoja wako hatarini. Pengine dokta alisema yote, lakini alisema « observance » na « rechute ». Mugonjwa alitikisa kichwa kwa heshima tu.

Uingereza, daktari wa familia anapimwa akiongea na mutu anayeigiza mugonjwa. Watahini wanatazama pia kama amesikiliza na kama ameeleweka.

Kwa hiyo tunaomba vyuo vyetu: muweke katika mutihani huo swali moja kwa lugha ya mugonjwa. Mama wa soko ao muchimbaji akae kwenye kiti, asikie, kisha arudilie kwa maneno yake: dawa gani, siku ngapi, nirudi lini. Akishindwa kurudilia, poe zipunguzwe kwa dokta, si kwa yeye.

Na sisi wagonjwa, tusingojee vyuo vibadilike. Mbele ya kutoka kwa munganga, tuseme bila haya: « Dokta, sijasikia vizuri, unirudilie. » Kuuliza hivyo si kumukosea heshima. Ni kulinda nyumba nzima.