Gari Halinunuliwi kwa Macho Tu

Kwa mwalimu au mtumishi wa umma, gari si kitu cha kununuliwa kwa fedha za siku moja. Ni akiba ya miaka mingi, au ni mkopo wa chama cha kuweka na kukopa ambao utakatwa katika mshahara kila mwezi, hata baada ya furaha ya kununua kupoa. Kwa hiyo mtu aliyeuziwa gari bovu au gari la wizi hapotezi chombo peke yake. Hupoteza jasho lake, kisha huendelea kulipa deni la kitu asichonacho. Ndiyo maana kuchunguza historia ya gari lililokwisha kutumika si jambo dogo la kuachiwa madalali.

Magari mengi yanayouziwa watu hapa nchini yalikwisha kutumika Japani kabla ya kufika bandari ya Dar es Salaam, na baada ya hapo yamepita tena katika mikono ya watu wawili au watatu. Muuzaji binafsi hana duka wala jina la biashara la kulinda. Akishapokea fedha na kubadili namba ya simu, mnunuzi hajui pa kumtafuta. Isitoshe, sharti la ubora wa bidhaa ambalo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa humwekea mfanyabiashara halimbani kwa kiasi hicho hicho mtu anayeuza gari lake mwenyewe. Aliyekubali kuuziwa mbuzi ndani ya gunia asitarajie kwamba mahakama itamfungulia gunia hilo baadaye.

Jambo la kwanza ni umiliki. Kadi ya gari huonyesha jina la mwenye gari, mwaka wa kutengenezwa, rangi, namba ya chesisi na namba ya injini. Mnunuzi na azilinganishe namba hizo na zile zilizogongwa kwenye chuma chenyewe, tarakimu kwa tarakimu. Namba iliyokwanguliwa, au iliyozungukwa na alama mpya za kuchomelea, yatosha kuvunja mazungumzo. Lakini kadi ni karatasi, na karatasi huweza kughushiwa. Njia ya hakika ni mnunuzi na muuzaji kufika pamoja katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ambako kumbukumbu za usajili zimetunzwa, ili kilichomo katika kadi kilinganishwe na kilichomo katika kumbukumbu. Muuzaji mwaminifu hataiona safari hiyo kuwa matusi.

Jina lililo katika kadi nalo lina maana yake. Sheria haimruhusu mtu kuuza haki asiyokuwa nayo. Aliyenunua kwa mwizi hurudisha mali kwa mwenyewe, hata kama alilipa kwa moyo safi. Ikiwa mwenye gari amefariki, si mtoto wala ndugu anayeweza kuliuza kwa kuwa tu ufunguo uko mfukoni mwake. Anayestahili ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Ikiwa muuzaji asema kadi imepotea, na mkononi ana taarifa ya upotevu tu kutoka polisi, mnunuzi hana budi kujiuliza kama kadi hiyo haiko katika kabati la benki kama dhamana ya mkopo. Na ikiwa gari liliingizwa nchini kwa msamaha wa kodi, likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha huo, kodi iliyosamehewa huweza kudaiwa.

Tangu ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa mwaka 2017, wapo wanaodhani kwamba gari haliwezi tena kuwa na deni. Hilo ni kosa. Faini za usalama barabarani huandikwa kwa namba ya gari, na zisipolipwa hulifuata gari hilo. Ni dakika chache tu kuuliza deni hilo kwa kutumia namba ya usajili, na ni haki ya mnunuzi kudai lilipwe kabla fedha yake haijatoka.

Baada ya karatasi ndipo lifuate gari lenyewe. Kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi huweza kurudishwa nyuma, lakini mpira wa pedeli uliolika, usukani uliong'aa kwa mikono na kiti kilichobonyea havidanganyi. Cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani huonyesha kilomita zilizosomwa huko. Kama dashibodi ya leo inasoma pungufu ya cheti, hakuna haja ya swali la pili. Rangi zinazotofautiana kati ya mlango na mlango husimulia ajali. Kutu na matope chini ya zulia husimulia mafuriko. Kazi hii ni ya fundi, na fundi huyo awe amechaguliwa na mnunuzi, wala asiwe yule aliyeletwa na dalali.

Watasema baadhi ya watu kwamba uchunguzi wote huu ni usumbufu, na kwamba mteja mwingine yuko njiani na fedha taslimu. Maneno hayo ndiyo silaha ya kwanza ya tapeli. Bei iliyo chini mno kuliko bei ya soko ndiyo ya pili. Wazee walisema rahisi inavunja upishi, na gharama ya siku moja ya kumlipa fundi na kufika TRA ni ndogo mno mbele ya makato ya miaka.

Wajibu hauishii kwa mnunuzi. Muuzaji anayekabidhi gari bila kuhamisha umiliki hujiwekea mtego mwenyewe, kwa sababu faini na maswali ya polisi yataendelea kumfikia yeye. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, malipo yapitie benki ili yaache ushahidi, na umiliki uhamishwe mara moja. Vyombo vya serikali navyo vina wajibu wa kuzifanya taarifa za umiliki, dhamana na madeni zipatikane kwa urahisi na kwa haraka, ili mwalimu aliye wilayani asilazimike kufunga safari ya siku mbili kutafuta ukweli wa gari moja.

Tapeli hustawi pale ambapo mwananchi huona haya kuuliza. Anayetoa akiba ya miaka kumi ana haki ya kuuliza maswali kumi, na muuzaji asiyetaka kuyajibu amekwisha kuyajibu.