Anayejenga Mbugani Ayape Maji Mahali pa Kukaa

Jina la Mbugani, mahali petu hapa Kyela, ni onyo na hati ya ardhi kwa pamoja, kwa maana kila asikiaye Kiswahili hujua kwamba mbuga ni nchi tambarare ya udongo mzito, ambako maji ya masika hukaa siku nyingi kabla ya kushika njia yake. Nyuma yetu umesimama Mlima Rungwe, ambao kimo chake chakaribia mita 3,000. Mashariki Milima ya Livingstone inashuka karibu wima hata Matema. Na mbele yetu Ziwa Nyasa limelala katika usawa wa mita 470 na ushei juu ya bahari. Kati ya kuta hizo na ziwa, mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo yapita katika tambarare ya Kyela, nayo mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka huongeza fungu lake juu ya maji ya mito. Neema ya mpunga, kakao na michikichi yetu imetoka katika maji hayo, na hasara zetu nyingi zimetoka humo humo.

Jioni moja ya Aprili nilisimama uani kwa mama mmoja jirani yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye alikuwa ametanguliza matofali manne toka mlangoni hata jikoni ili apate pa kukanyaga. Kuku wake walikuwa wamepanda juu ya kinu, na maji yenye rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yamekwisha fika kwenye mlango wa choo. Ng'ambo ya njia kilikuwapo kiwanja kikubwa kilichoinuliwa kwa kifusi chekundu kiasi cha mita moja, kikazungushiwa ukuta, na chini ya ukuta matundu ya mabomba yakimimina maji njiani pasipo kukoma. "Mwanangu," akaniambia, "kabla ya kifusi kile maji haya yalikuwa yakikaa kule."

Katika maneno hayo mna hesabu kamili, ambayo laiti wachoraji wa ramani zetu wangaliisikia mapema, nyua nyingi zingalisalimika. Hekta moja ya mbuga iliyozoea kubeba maji ya kina cha sentimita 30 hubeba mita za ujazo 3,000; ukiifukia, maji hayo hayafi, bali huhamia kwa jirani aliye chini zaidi. Kisha juu ya kifusi huja mabati na sakafu ya saruji, visivyonywa hata tone: mvua ya milimita 60 ikinyesha juu ya hekta hiyo huleta mita za ujazo 600, ambazo nyasi na udongo usioshiba zingaliachilia takriban thuluthi yake tu, ilhali bati na saruji huachilia karibu zote, na kwa mara moja. Mwenye kiwanja hukauka, na jirani yake hulipa gharama ya ukavu huo kwa kuta zilizolainika, kwa choo kilichofurika, na kwa hofu ya kipindupindu, maradhi ambayo Kyela imeyajua zaidi ya mara moja. Kama mtu angemwaga takataka zake uani kwa mwenzake tungemwita dhalimu. Sioni kwa nini maji yawe na hukumu nyingine.

Dawa ya jambo hili si ngeni kwa mkulima wa mpunga. Jaruba ni nini, ikiwa si kipande cha ardhi kilichozungushiwa tuta, chenye mlango mdogo ambao mwenyewe huufungua na kuufunga ili maji yaondoke kwa kiasi apendacho? Bwawa la kutuliza maji ya mvua katika kiwanja cha ujenzi ni jaruba lililowekwa kwa ajili ya mabati. Mitaro yote ya kiwanja huelekezwa humo. Chini yake huwekwa bomba jembamba lenye wavu wa kuzuia takataka, litoalo maji polepole. Na juu ya tuta huachwa utoro mpana uliojengwa kwa mawe, ili siku ya mvua isiyo ya kawaida maji yapite hapo badala ya kulibomoa tuta. Kwa hekta niliyoitaja, bwawa lenye wastani wa mita 20 kwa 30 na kina cha sentimita 60 hushika mita za ujazo 360, nalo ni karibu eneo la kiwanja kimoja cha nyumba katika viwanja kumi na sita. Deni la mvua ndilo linalolipwa hapo. Deni la kifusi li mbali, na sharti lilipwe kwa kuiacha sehemu ya mbuga bila kufukiwa, au kwa kuchimba nafasi iliyo sawa na ile iliyozibwa.

Lakini hadhari: yafaayo katika vilima vya Tukuyu hayafai hapa bila ya kufikiriwa upya. Huku kwetu, ukichimba shimo refu mwezi wa Aprili, hukutana na maji ya ardhini kabla jasho halijakutoka, na shimo lililokwisha jaa halipokei mgeni. Kwa hiyo bwawa la Mbugani sharti liwe pana na la kina kifupi, na kimo cha maji ya ardhini kipimwe wakati wa masika, si Oktoba nchi ikiwa kavu. Kingo zake zilale kwa mteremko mpole, mita tatu au nne za upana kwa mita moja ya kimo, ili mtoto aliyeteleza aweze kutoka; na sakafu yake iinamie bombani, ili likauke katika muda wa siku mbili au tatu, kabla viluwiluwi vya mbu havijapata wasaa wa kuota mbawa. Tope likombwe kila kiangazi, na mwenye kulikomba aandikwe jina lake mapema, maana bwawa lisilo na mlezi hugeuka dimbwi.

Wako watakaosema kwamba mafuriko yetu ni ya Songwe na ya ziwa, na kwamba mabwawa madogo hayatayazuia. Ni kweli, Songwe ikivunja kingo zake hakuna jaruba litakaloirudisha, na kazi hiyo ni ya serikali mbili, Tanzania na Malawi, zilizokwisha kukubaliana kuutunza mto huo kwa pamoja. Hata hivyo maji yaliyoingia jikoni kwa jirani yangu hayakutoka Songwe. Yalitoka ng'ambo ya njia. Wengine watasema ardhi ni ghali. Nami najibu kwamba ardhi ya yule mama ni ghali pia, naye hakuulizwa kabla haijafanywa bwawa la mwingine.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, na insafu iliyomo katika katazo hilo yatosha kutuongoza viwanjani. Naiomba halmashauri yetu isimpe kibali cha ujenzi mtu yeyote, wala taasisi yoyote, ikiwamo ya serikali, anayetaka kufukia mbuga kwa ajili ya ghala, stendi, soko au shule, mpaka mchoro wake uonyeshe mambo mawili: maji yaliyokuwa yakikaa pale yatakaa wapi, na kwamba yatakayotoka yatatoka kwa kasi isiyozidi ile ya kabla ya jengo. Na kabla ya kuutia muhuri mchoro huo, mkaguzi asimame siku ya mvua ng'ambo ya njia, katika ua ulio chini kuliko zote, amwulize mwenye ua maji yalikuwa yakipita wapi.