Kumfungulia kiziwi mlango wa darasa haitoshi

Tarehe 3 Desemba ni siku ya kimataifa ya watu wenye ulemavu. Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 1992. Kwetu Kivu tarehe hiyo ina habari nyingine ambayo wachache wanaikumbuka. Tarehe 3 Desemba 1987, ndege ndogo iliyokuwa ikielekea Kenya ilianguka Gisenyi, ng'ambo tu ya mpaka wa Goma. Ndani yake alikuwemo Andrew Foster, Mmarekani mweusi, kiziwi, ambaye kwa miaka 30 alifungua shule za viziwi zaidi ya 30 katika nchi 13 za Afrika. Zaire, nchi yetu, ilikuwa mojawapo.

Namkumbuka leo kwa sababu ya watoto wa hapa Miti. Tumuwaze mtoto wa miaka 8, kiziwi tangu kuzaliwa. Sokoni anasaidia mama yake kupanga maharagi na anajua kurudisha chenji bila kukosea. Lakini jirani hawamuiti kwa jina lake, wanamuita "bubu". Nyumbani wanamuonyesha kwa kidole: njoo, chota maji, kula. Zaidi ya hapo hakuna mazungumzo. Dada zake wanaenda masomo, yeye anabaki.

Kwenye karatasi, huyo mtoto ana haki zote. Katiba ya 2006 inasema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ya bure, na tangu Septemba 2019 serikali ilianza kuitekeleza. Mwaka 2015 Kongo ilijiunga na mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria ya kuwalinda hapa nchini. Basi mkurugenzi wa shule akimkataa, amevunja sheria. Tuseme sasa amempokea. Mtoto anakaa kwenye benchi katikati ya wenzake wengi, mwalimu anaongea, anageukia ubao, anaongea tena. Kiziwi ameona midomo inacheza tangu asubuhi hadi saa sita. Mwisho wa mwaka watasema hana akili.

Foster aliyajua hayo katika mwili wake. Alizaliwa 1925 Alabama, wakati weusi na weupe walitengwa hata mashuleni. Akiwa na miaka 11 aliugua homa ya uti wa mgongo, akapoteza masikio. Chuo cha viziwi cha Gallaudet, huko Washington, kilimkatalia zaidi ya mara moja kwa sababu ya rangi yake. Hakuacha. Alipokelewa 1951, na 1954 akawa mweusi wa kwanza kupata digrii pale.

Mwaka 1957 alifika Ghana. Inasimuliwa kwamba aliambiwa hakuna watoto viziwi nchini humo. Walikuwepo, ila walikuwa wamefichwa nyumbani. Foster hakungoja jengo. Aliomba darasa la shule ya watoto wanaosikia huko Accra, akafundisha baada ya wenyewe kutoka. Alitumia alama za mikono, maandishi na midomo pamoja, wakati shule nyingi za viziwi, kufuatana na mkutano wa Milan wa 1880, zilikuwa zimekataza alama na kumlazimisha mtoto atamke sauti asizozisikia.

Lakini kazi yake kubwa zaidi, kwangu mimi, si majengo. Ni kwamba aliwachukua vijana viziwi Waafrika, akawapa mafunzo huko Ibadan, Nigeria, kisha akawarudisha kwao kuwa walimu na wakurugenzi. Mtoto kiziwi akiingia darasani alimkuta mtu mzima kama yeye, anayesoma, anayeandika, mwenye mshahara na familia. Mzazi naye aliona kwamba mtoto wake ana kesho.

Kuna wanaosema shule za Foster ziliwatenga viziwi, na leo dunia inataka watoto wote wakae pamoja. Wengine wanasema alileta alama za Kimarekani na kuacha zile ambazo watu walikuwa nazo vijijini. Hoja zote mbili zina uzito. Lakini tusome vizuri mkataba ambao Kongo imeuridhia. Kifungu cha 24 hakisemi tu kwamba mlango ufunguliwe. Kinasema nchi zirahisishe kujifunza lugha ya alama na ziajiri walimu wanaoijua, wakiwemo walimu wenye ulemavu. Kukaa pamoja bila lugha si kuishi pamoja. Ni kutengwa ukiwa katikati ya watu.

Najua jibu litakalotoka: hakuna makuta. Walimu wanaosikia wenyewe wanalia mshahara, madarasa yamejaa tangu elimu ya bure ianze, na vita imevuruga kila kitu. Ni kweli. Lakini vita ndiyo inanifanya nisinyamaze. Februari 2025, mapigano yalipofika Kavumu na Bukavu, anayesikia alijua kwa milio wapi pa kukimbilia. Asiyesikia alitegemea mtu amshike mkono. Kama nyumbani hakuna lugha, nani atamueleza kwamba tunatoka sasa, na tukipotezana tukutane wapi?

Tena tunachohitaji kuanzia si jengo jipya. Chukua shule moja tu, hapa Miti, ambapo barabara ya Bunyakiri inaachana na ile ya Katana na watu wa pande zote wanapita. Tenga chumba kimoja katika uwanja uleule wa watoto wengine. Weka humo mtu mzima kiziwi aliyesoma, kando ya mwalimu mwenye diploma, na wote wawili waandikwe kwenye orodha ya mishahara. Miaka ya kwanza watoto wajifunze alama, kusoma na kuhesabu. Baadaye waingie darasa la wote wakiwa na mtu wa kuwatafsiria. Jumamosi wazazi na ndugu waje nao wajifunze alama. ISP Bukavu na shule za sekondari zenye sehemu ya ualimu zitie lugha ya alama katika mafunzo, ili mwalimu kijana asifike Kabare akishangaa.

Kanisa, kwa sababu ndilo linasimamia shule nyingi hapa, lisingoje serikali. Na viongozi wa elimu waanze na swali rahisi kwa kila mkurugenzi: viziwi wangapi wa umri wa masomo wanaishi karibu na shule yako, na wangapi wako darasani? Akijibu kwamba hakuna, tukumbuke Accra mwaka 1957.

Foster alianza na chumba cha kuazima na saa za jioni. Sisi tuna katiba, mkataba na sheria, na watoto wako sokoni, tunawaona kila siku.