Mtoto Haachi Shule kwa Siku Moja



Tukisikia mtoto fulani ameacha shule, swali letu la kwanza huwa: lini? Kana kwamba kuna asubuhi moja aliamka akaitupa sare. Haiendi hivyo. Anaiacha Jumatatu wiki hii, Alhamisi wiki ijayo, siku tatu mwezi unaofuata, mpaka inafika mahali anaona haya kurudi. Ile siku tunayosema "ameacha" ni siku ambayo sisi ndio tumegundua.

Leo tuongee kuhusu hizo siku moja moja. Tuongee hasa na nyinyi mlio huku Ndanai, Sotik, na nchi yote ya majani chai ya Bomet na Kericho.

Piga hesabu na mimi. Chukulia mwaka wa shule una wiki 36 za masomo. Mtoto anayekosa siku 1 tu kila wiki amekosa siku 36, yaani zaidi ya wiki 7 za darasani. Akiendelea hivyo kutoka Gredi ya 1 hadi ya 6, amepoteza siku 216. Mwaka mzima kwa hesabu hiyo una siku 180. Kwa hivyo mtoto huyo ako Gredi ya 6 kwa jina, lakini ana deni la zaidi ya mwaka mmoja. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna gazeti lililoandika. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimwaga pia.

Sasa, hizo siku huwa ako wapi?

Wewe unajua, kwa sababu unamwona. Ng'ombe wanataka mchungaji. Mahindi yanataka kupaliliwa. Ukipanda juu, kuna chai, na chai haingoji kengele ya shule. Jani likiwa tayari lazima lichumwe na lifike kituoni siku hiyo hiyo, la sivyo linaharibika. Mvua ikinyesha vizuri majani yanakuja mengi kwa mpigo, na mikono ya nyumbani haitoshi. Mzazi anaangalia kikapu, anamwangalia mtoto.

Tena pesa ya chai ina kalenda yake. Mkulima wa KTDA hulipwa kiasi kidogo kila mwezi, halafu bonasi kubwa inakuja karibu na Oktoba. Shule nayo inafungua Januari, inafungua tena baada ya likizo ya Aprili, na tena mwisho wa Agosti. Wakati madai ya shule yanaingia, mara nyingi bonasi ilishakwenda kulipa madeni.

Msichana ana siku zake zingine za kukosa. Tangu 2017 sheria inaitaka serikali iwape wasichana wa shule za umma sodo bila malipo. Zisipofika kwa wakati, anakaa nyumbani kila mwezi na hasemi kwa nini. Mvulana mkubwa naye amepewa pikipiki ya mtu aisukume kidogo. Jioni ana pesa mfukoni. Mwalimu wa hesabu atamshawishi na nini?

Usinielewe vibaya. Simtetei mzazi anayemgeuza mtoto kibarua. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ambayo ni ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamwambia mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule mara kwa mara, na asipofanya hivyo ni kosa. Sheria hiyo hiyo inakataza mtu yeyote kumwajiri mtoto wa umri wa shule kazi inayomzuia kusoma. Hiyo inamhusu mwenye shamba, na pia inakuhusu wewe mwenye pikipiki mbili.

Lakini watu wengi huishia hapo. Wanaichukua sheria kama fimbo ya kumpiga mzazi, halafu wanafunga kitabu. Hebu tuendelee kusoma, kwa sababu shule nayo imepewa kazi.

Kwanza, mtoto asipofika, mwalimu mkuu anatakiwa achunguze kwa nini. Akiona hakuna sababu ya maana, anamwandikia mzazi notisi na kupeleka ripoti kwa bodi ya elimu ya kaunti. Kuweka alama kwenye rejista peke yake hakutoshi. Rejista inasema nani hayuko. Haisemi anazuiliwa na nini.

Pili, ni marufuku kumpiga mtoto shuleni au kumtesa kiakili. Viboko vilipigwa marufuku tangu 2001, na sheria ya 2013 ikarudia. Fikiria mtoto aliyekosa Jumanne kwa sababu ya chai. Anajua Jumatano akitokea atachapwa au ataaibishwa mbele ya darasa. Atafanya nini? Atakosa Jumatano pia. Kiboko cha utoro kinazaa utoro.

Tatu, na hii uishike vizuri: shule ya umma inaweza kuruhusiwa kutoza ada nyingine ndogo ndogo, lakini sheria inasema mtoto asikataliwe kuhudhuria kwa sababu hazijalipwa. Na kila pesa inayochukuliwa lazima iwe na risiti rasmi. Sasa, ni mara ngapi umeona kundi la watoto njiani saa nne asubuhi, wamerudishwa nyumbani kuleta pesa ya mtihani au ya chakula? Wale watoto walifika shuleni mapema. Shule yenyewe ndiyo imewafanya watoro, halafu mwisho wa muhula inalalamika kuhusu mahudhurio.

Vijana wenzangu, hapa ndipo jambo hili linatugusa. Msichana akisimamishwa langoni kwa sababu ya hijabu, sisi tunasimama naye. Tulifuatilia kesi ya Isiolo mpaka Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi wake Januari 2019, na wengi wetu uamuzi ule ulituuma. Tulisema, na bado tunasema, kwamba mtoto anayefungiwa nje ya darasa ananyimwa haki. Basi tuwe wakweli. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa shilingi 300 pia amefungiwa nje. Anayechuma chai siku ya mtihani pia yuko nje. Huku Bomet wengi wao si wa dini yetu. Ni watoto wa majirani zetu, wale wanaotuuzia maziwa na kutupigia hodi tukifiwa. Haki tukiidai kwa mtoto wetu tu, hiyo inaitwa upendeleo.

Tufanye nini? Si mambo makubwa.

Moja, jua majina. Kwenye plot yako, mtaa wako, njia yako ya kwenda kazini, ni watoto gani unawaona siku za shule? Madrasa ustadh huuliza mara moja, "fulani yuko wapi leo?" Swali hilo lifike pia kwa mtoto asiyesoma madrasa.

Mbili, nenda kwenye mkutano wa wazazi, hata kama unamwakilisha mdogo wako tu. Uliza maswali mawili kwa heshima: wiki iliyopita wangapi hawakufika, na shule ilifanya nini kujua sababu? Usiende kugombana. Walimu wengi wana darasa lililojaa na hawana mtu wa kutuma kijijini. Jitolee kuwa huyo mtu.

Tatu, saidia na karatasi. Mzazi asiyesoma vizuri hukosa basari ya kaunti kwa sababu fomu ilichelewa au nakala ya cheti cha kuzaliwa haikuwekwa. Wewe una simu na dakika thelathini.

Nne, msichana aliyejifungua ana haki ya kurudi. Sera ya kuwarudisha shuleni ipo tangu 1994, na mwongozo mpya ulitolewa 2020. Mama yake anaweza kuwa hajui. Mwambie. Na ukikutana naye njiani, usimcheke.

Tano, usimpe mtoto kazi siku ya shule. Hata kama ameomba mwenyewe. Hata kama mzazi amekubali. Mwambie aje Jumamosi, umlipe bila kumpunja.

Najua kuna atakayesema shida ni umaskini, na sisi hatuwezi kuumaliza. Kweli hatuwezi. Lakini mtoto aliyekosa siku 36 hakuzikosa zote kwa njaa. Nyingine ni fomu, nyingine ni hofu ya kiboko, nyingine ni sodo, nyingine ni kwamba hakuna aliyeuliza. Tukiokoa hata siku 10 kati ya hizo, tumemrudishia wiki mbili nzima za darasani.

Kesho asubuhi utapita njia ile ile, na kuna mtoto utamkuta hana sare. Usimuulize kwa nini ameacha shule. Pengine bado hajaacha. Muulize nini kimemzuia leo, halafu mwende pamoja kwa mzazi wake.

Wabillahi tawfiq.