Meli Haingoji Begi: Pesa ya Dharura Iwe Mkononi, Si Kwenye Sanduku

Siku hizi si ajabu kukuta chama cha kina mama au wafanyakazi wa ofisi moja wakichanga mdogo mdogo mwaka mzima, ili Desemba ikifika wapande meli ya kitalii kule Durban, Afrika Kusini. Tangu Januari 2023 Mkenya hahitaji viza kwa ziara ya hadi siku 90 nchini humo. Msimu wa meli za Durban huanza karibu na Novemba, na safari nyingi ni fupi: usiku tatu au nne baharini, mnasimama kwenye fukwe za Msumbiji kama Pomene au kisiwa cha Portuguese, kisha mnarudi.

Kwenye kikundi cha WhatsApp watu hujadili yote. Nguo za rangi moja, nani atalala na nani, nani atapiga picha. Lakini swali moja huwa halijibiwi: je, tukifika na masanduku yasifike?

Ukiuliza, utaambiwa, "Usijali, bima iko," au, "Shirika la ndege litalipa." Mimi nasema majibu hayo yote mawili ni ya kweli, na hayatakusaidia siku hiyo. Fidia huja baadaye, na meli inaondoka leo. Katikati ya "leo" na "baadaye" kuna pengo, na pengo hilo linazibwa na kitu kimoja tu: pesa yako mwenyewe, unayoweza kuitumia hapo hapo ulipo.

Meli si hoteli

Begi likichelewa ukiwa unakwenda hotelini, ni usumbufu tu. Unalala na nguo ulizovaa, kesho dereva anakuletea mzigo, maisha yanaendelea. Kwa meli mambo ni mengine. Meli ina saa yake ya kung'oa nanga, na mlango wa abiria hufungwa mapema kabla ya saa hiyo. Haitangoja abiria mmoja, sembuse sanduku.

Tena fikiria begi litakufuataje. Pomene ni ufuo. Abiria hushushwa kwa boti ndogo. Hapo hakuna uwanja wa ndege wa kupokea mizigo wala ofisi ya kuulizia. Kama safari ni ya usiku tatu na begi limechelewa siku mbili, likifika Durban litakukuta uko baharini. Utalipokea ukiwa umeshamaliza likizo uliyoilipia mwaka mzima.

Ndiyo maana ushauri wa kwanza nautoa bila kusitasita: usifike Durban siku ile ile ya kupanda meli. Fika jana yake. Wakala anaweza kukuuzia tiketi ya asubuhi ya siku hiyo kwa sababu inapunguza bei ya kifurushi, lakini hatari yote amekuachia wewe. Ndiyo, usiku mmoja wa ziada ni gharama. Lakini usiku huo unampa begi aliyechelewa ndege moja au mbili zaidi za kufika, na unakupa wewe muda wa kwenda dukani maduka yakiwa wazi.

Johannesburg ndipo wengi wanapopotezea

Safari nyingi kutoka Nairobi kwenda Durban hupitia uwanja wa O.R. Tambo, Johannesburg. Hapo kuna jambo ambalo wasafiri wengi wa mara ya kwanza hawaambiwi. Kwa kawaida, ukitoka nchi ya nje na kuunganisha ndege ya ndani ya Afrika Kusini, unatakiwa uchukue begi lako Johannesburg, upite nalo forodha, kisha ulikabidhi upya kwa ndege ya Durban. Hata kama karatasi iliyobandikwa JKIA inaonyesha Durban, uliza kaunta kabla hujaondoka: "Begi hili nalichukua wapi?" Usipouliza, wewe utafika Durban na begi litabaki likizunguka kwenye mkanda Johannesburg.

Na kama begi halikutokea kwenye mkanda huo, ripoti hapo hapo Johannesburg. Usijiambie, "Nitauliza nikifika Durban." Usitoke ukumbi wa mizigo bila ripoti iliyoandikwa na nambari yake ya kumbukumbu, ambayo kwa kawaida huwa na herufi tano na tarakimu tano. Piga picha ripoti hiyo na ile stika ndogo ya begi uliyopewa Nairobi. Bila ripoti, baadaye utajikuta ukibishana na watu ambao hawana habari kwamba begi lako lilipotea.

Wakikuuliza begi lipelekwe wapi, usitaje anwani ya nyumbani tu ukaondoka. Waandikie tarehe ya meli kuondoka, jina la meli, na tarehe ya kurudi Durban. Kisha toa agizo la wazi: likifika kabla ya saa fulani lipelekwe hoteli fulani; likichelewa zaidi ya hapo, libaki Durban mpaka nirudi. Bila agizo hilo, begi laweza kupelekwa hotelini siku ambayo umeshaondoka, na kazi ya kulitafuta ikaanza upya.

Mkoba wa mkononi ndio begi lako halisi

Pakia mkoba wa mkononi kana kwamba sanduku kubwa halitafika kabisa. Weka paspoti, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho Mkenya huulizwa akiingia Afrika Kusini, na karatasi za kupandia meli. Dawa zote za presha, sukari au pumu ziwe humo, za safari nzima na siku kadhaa za ziada. Ongeza miwani, chaja, seti mbili za nguo za ndani, nguo moja nyepesi, vazi la kuogelea na ndara. Betri ya akiba ya simu nayo lazima iwe mkononi, maana hairuhusiwi kwenye mzigo wa chini ya ndege.

Kama mnasafiri wawili, gawanyeni nguo: nusu ya mama kwenye sanduku la baba, nusu ya baba kwenye la mama. Sanduku moja likipotea, hakuna anayebaki bila kitu.

Sasa tuje kwa pesa

Hapa ndipo blogu hii inapohusika, na nitasema ukweli hata kama sisi ni watu wa pesa za simu. Salio lako la simu, hata liwe kubwa namna gani, halinunui fulana katika duka la Durban kwa kuingiza nambari ya till. Till uliyoizoea hapa kwetu haiko kule. Kwa hiyo, mweka hazina wa chama akikutumia pesa za dharura ukiwa nje, zitafika kwenye simu sawa, lakini unahitaji njia ya kuzitoa humo. Njia hiyo uiandae ukiwa bado Kenya.

Mambo manne:

Kwanza, uwe na kadi inayokubalika nje ya nchi, iwe ya benki au ile ya mtandaoni iliyounganishwa na pesa za simu. Ijaribu kwa malipo madogo wiki moja kabla ya safari. Kumbuka kadi ya mtandaoni haina plastiki ya kuingiza kwenye mashine ya duka, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Pili, hakikisha laini yako ya Kenya itafanya kazi nje. Malipo mengi ya kadi mtandaoni huthibitishwa kwa nambari ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Ukichomoa laini yako uweke ya kule, ujumbe huo huupati, na malipo yanakataa.

Tatu, beba randi kidogo taslimu. Si nyingi, ila za teksi na nguo za siku mbili. Uwanja wa King Shaka uko kilomita 35 hivi kaskazini mwa katikati ya jiji, kwa hiyo hata kufika madukani ni gharama.

Nne, pesa ya dharura isichanganywe na pesa ya kutumia melini. Ndani ya meli malipo huingia kwenye akaunti yako ya abiria, na mara nyingi wakati wa kupanda utaombwa usajili kadi au uweke amana. Kadi wanaweza kuizuilia kiasi fulani. Kama ulikuwa unategemea salio hilo hilo kununua nguo, umekwama.

Kiasi gani? Kwa maoni yangu, kati ya shilingi 15,000 na 20,000 kwa kila mtu zinatosha kuanzia. Durban ni jiji la maduka ya nguo za bei nafuu. Mr Price ilizaliwa huko, na PEP haikosekani. Kama mko kumi kwenye chama, si lazima kila mmoja aweke kiasi hicho. Wekeni mfuko mmoja wa pamoja, kwa sababu si rahisi masanduku yote kumi yapotee kwa siku moja. Isipotumika, mnarudishiana au mnaanzia nayo safari ya mwaka ujao.

Risiti, si ujumbe wa simu peke yake

Kenya na Afrika Kusini zote ni wanachama wa Mkataba wa Montreal wa 1999. Mkataba huo unalibana shirika la ndege kulipa hasara inayotokana na mzigo kuchelewa, isipokuwa lithibitishe kwamba lilifanya kila liwezalo kuizuia. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, kikomo ni 1,519 kwa kipimo cha fedha cha IMF kinachoitwa SDR, kwa kila abiria. Hizo ni karibu dola 2,000 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi 250,000.

Lakini hicho ni kikomo. Si zawadi. Unalipwa hasara unayoweza kuionyesha. Ujumbe wa simu au wa benki unaonyesha kwamba ulilipa duka fulani kiasi fulani. Hauonyeshi kama ulinunua mswaki na suruali au saa ya dhahabu. Chukua risiti inayotaja kila kitu, ipige picha hapo hapo, na uhifadhi ule ujumbe pia. Nunua vya lazima kwanza.

Kisha kuna siku za kuhesabu. Begi lililochelewa, peleka malalamiko kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu ulipolipokea. Likifika limevunjika, una siku 7 tu. Zikipita siku 21 bila begi kuonekana, una haki ya kudai kama mzigo uliopotea. Mahakamani, mwisho ni miaka 2. Wakenya wengi husema, "Wacha tu, nimechoka." Hapo ndipo pesa yako inapopotelea mara ya pili.

Begi lililochelewa halikombolewi

La mwisho ndilo linalonikera zaidi. Mtu akikasirika, anaandika mtandaoni: begi langu halijafika, nambari yake ni hii, naenda Durban. Muda mfupi baadaye anajibiwa na akaunti yenye nembo ya shirika la ndege. Lugha ni ya heshima. Wanaomba nambari ya simu "tukusaidie haraka." Kisha wanapiga: begi limepatikana, lipia ada ndogo ya kuliachilia, au toa PIN tukurudishie fidia.

Shika hili: shirika lililochelewesha begi lako halikutozi ada ya kukurudishia. Na hakuna fidia duniani inayohitaji PIN yako ili iingie. Anayetaka kukulipa anahitaji kujua pesa zipelekwe wapi, basi. Wasiliana na shirika kwa nambari iliyo kwenye ripoti yako, na usiweke picha ya stika ya begi hadharani.

Wa nyumbani nao waambiwe kabla hujasafiri. Tapeli akijua uko baharini na simu haishiki, atampigia mama: "Mtoto wako amekwama, tuma kwa hii nambari." Kubalianeni neno moja la siri la familia. Anayeomba pesa bila neno hilo, asitumiwe hata shilingi.

Mkikutana mkutano ujao

Kama chama chako kina safari ya meli mwaka huu, msimalize mkutano kwa kuchagua rangi ya nguo. Amueni mambo matatu na yaandikwe kwenye daftari: tunafika siku moja kabla, kila mmoja ana kadi iliyojaribiwa, na mfuko wa dharura una kiasi fulani na unashikwa na fulani ambaye yuko nasi safarini. Mjadala huo ni wa nusu saa, na begi likichelewa, mwenzenu bado atapanda meli pamoja nanyi.