Tusomeane

Shangazi yangu anakaa Ngamiani. Umri wake ni miaka 80 na ushei, na macho yake yameingia ukungu wa mtoto wa jicho. Anasubiri zamu yake ya kupasuliwa. Herufi za Kizungu hakufundishwa. Yeye alisoma chuoni, khati za Kiarabu, na kwa hizo aliusoma msahafu mpaka macho yalipomkatalia. Siku moja baada ya Alasiri nilikaa naye barazani nikawa namsomea utenzi kutoka kitabuni, mbiombio, kama mtu anayewahi basi. Akanigusa goti. "Hapo umekula, mwanangu. Rudi nyuma." Nikarudi, na kweli nilikuwa nimeruka silabi. Mstari wa mizani 8 nilikuwa nimempa mizani 7, na sikio lake likaona pengo ambalo jicho langu, tena lenye miwani, halikuliona.

Tangu siku ile nina neno nataka kuwaambia watu wa Tanga, na wengine wote walioko pwani hii kutoka Pangani hadi Mkinga. Neno lenyewe ni hili: tusomeane. Kusoma tumehimizwa tangu utotoni, na wengi tumeitikia "ndiyo" kisha tukaendelea na yetu. Mimi naomba zaidi ya hapo. Naomba kila mmoja wetu apate mtu wa kumsomea kwa sauti, kila siku, ukurasa mmoja au mbili. Itazameni lugha yetu ilivyo karimu: ndani ya kusoma kuna kusomea, na ndani ya kusomea kuna kusomeana. Nafasi ya mtu wa pili imo katika kitenzi chenyewe, tumeirithi. Sisi ndio tulioiacha tupu.

Nalisikia kila mahali siku hizi lalamiko moja, kwa muuza kahawa, kwenye daladala, hata msikitini watu wakivaa viatu: moyo umechoka. Mtu hana homa, deni lake si la kumkosesha usingizi, watoto wanakula, lakini ukimuuliza habari anakwambia ana mawazo. Usiku analala na simu kifuani, kidole kinateleza juu ya kioo hadi saa sita, anaona mia, hashiki hata moja, asubuhi anaamka amechoka kuliko alivyolala. Sitasema kitabu ni dawa ya kila gonjwa. Mwenye presha ameze vidonge vyake kama alivyoandikiwa, na mwenye sonona aende hospitali bila kuona haya, maana huo ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Nasema juu ya uzito ule mdogomdogo wa kila siku, ambao hauna cheti cha daktari, na ambao mababu zetu walikuwa na njia ya kuutua kila jioni.

Njia hiyo ilikuwa sauti. Chukua utenzi wowote uutazame ulivyoundwa. Ubeti una mistari 4, na kila mstari kwa kawaida una mizani 8. Shairi nalo lina mizani 16, lakini limekatwa katikati, 8 huku na 8 kule, pawe na pa kupumulia. Mizani 8 ni kadiri ya pumzi ya mtu aliyetulia. Aliyeharakisha atakula silabi, kama nilivyokula mimi, na aliyejivuta atakatika kabla ya kina. Kwa hiyo utenzi unamlazimisha msomaji apumue kwa utaratibu, beti kwa beti, na baada ya beti 20 kifua kilichokuwa kimebana kimeachia chenyewe. Jaribuni leo kabla ya kunibishia. Tena mdomo ukishika kazi ya kutamka vizuri, na sikio likishika kazi ya kusikiliza, mawazo ya duka na kodi hukosa pa kukaa kwa nusu saa nzima.

Wala hili si jambo geni nililoliokota ugenini. Pwani yetu imelelewa kwa masikio. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mshairi wetu wa Tanga, aliyaona kwa macho yake mambo ya miaka ile Wajerumani walipoitwaa pwani ya Mrima, ambayo mwisho wake Abushiri bin Salim aliyewapinga alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Aliyatungia utenzi, akauandika kwa khati za Kiarabu. Magazeti yalikuwa adimu sana wakati ule. Habari ya vita ilisafiri kwa mtu kumsomea mtu, na asiyejua khati aliipata sawasawa na anayejua. Hata magazeti yalipoenea, desturi haikufa upesi. Kiongozi lilianza kuchapishwa hapahapa Tanga mwaka 1904, kwenye shule ya serikali ya Wajerumani. Mambo Leo likafuata Dar es Salaam mwaka 1923, na babu yangu alitusimulia jinsi nakala moja ilivyozunguka mtaa mzima hadi ikachakaa. Mjuzi wa herufi alikaa kwenye kiti, wengine kwenye mkeka. Ikifika zamu ya mashairi, alisema, msomaji hakuruhusiwa kuyasoma kavu. Sharti ayatie mahadhi.

Sasa nije kwa Shaaban Robert, maana Tanga haiwezi kuzungumza vitabu ikampita. Alizaliwa Vibambani, karibu na Machui, nje kidogo ya mji, tarehe 1 Januari 1909, na akafa mwaka 1962, mzee wa miaka 53 tu, kama mtu aweza kuitwa mzee kwa umri huo. Wengi tunamkumbuka kama sanamu ya kuwekwa kabatini. Mimi nataka mumkumbuke kama karani. Aliingia kazi ya forodha mwaka 1926, akaishika hadi 1944. Baada ya hapo alihamia idara nyingine za serikali, na bado ni karani. Alikuwa na saa za kazi na wakubwa wa kumwamrisha, na alihamishwa kutoka kituo hadi kituo kama wanavyohamishwa watumishi wa leo. Vitabu vyake vingi vimetoka katika saa zilizobaki. Anayesema atasoma akistaafu na afikirie hilo.

Lakini kuna jambo jingine kwake linalonigusa zaidi: karibu kila alichoandika kina mtu anayeelekezwa. Alimwandikia barua nduguye Yusuf Ulenge kuanzia 1931 hadi 1958, miaka 27, na barua hizo zimetolewa kitabu mwaka 2002. Alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili, kama Mwana Kupona wa Pate alivyomtungia bintiye mwaka 1858. Alipofiwa na mkewe Amina, msiba ule aliutia katika shairi, na sisi ambao hatukumjua marehemu tunalia naye mpaka leo. Nilisoma shairi hilo mara nyingi kwa macho. Mwaka niliofiwa na mke wangu nililisoma kwa sauti, peke yangu chumbani, na sauti ikanikatika katikati. Jirani yangu akasikia. Hakusema neno; alibisha hodi akaingia na birika la chai, akaketi. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimejibu "nzuri" kila mtu aliponiuliza hali. Kitabu ndicho kilichosema kweli kwa niaba yangu, na kilisema kwa sababu kilikuwa na sauti ya kupenya ukutani.

Kama kuna anayedhani haya ni mambo ya washairi na wafiwa peke yao, nimkumbushe kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa katika vikundi kwa majuma 12. Walifungulia redio, wakasikiliza kipindi. Kisha mmoja wao alikishika kijitabu akakisoma kwa sauti, maana wengi ndio kwanza walikuwa wanajifunza kusoma na wengine hawakujua kabisa. Wakajadiliana. Wakaamua: hapa tufyeke, pale tufukie dimbwi, kwa fulani hakuna choo, tukachimbe. Na wakachimba. Nakumbuka mzee mmoja wa mtaani kwetu akisema kwamba malaria alikuwa akiisikia miaka yote, lakini siku aliposomewa mbele ya majirani zake ndipo alipoona aibu ya kuliacha dimbwi lake. Kinachosomwa mbele ya watu huwa ahadi. Huo ni usomaji uliomwaga maji machafu na kuchimba ardhi, na ulianza na mtu mmoja kuinua sauti.

Tuliipotezea wapi desturi hii? Nadhani tuliipotezea darasani, ijapokuwa nawaheshimu sana walimu. Katika shule moja niliyosoma, mtoto aliyekosea kutamka alisimamishwa mbele akachekwa na wenzake 40, na mwalimu akacheka nao. Nilisimamishwa mara mbili. Baada ya hapo nilijifunza kusoma kimya, haraka, kwa ajili ya kujibu swali la dhamira na maudhui, na mtihani ulipokwisha kitabu nacho kikaisha. Najua vijana wenye vyeti vizuri ambao tangu siku ya mtihani wa mwisho hawajafungua hadithi. Mtu aliyejeruhiwa sauti haponi kwa kuambiwa asome zaidi. Anapona akimsomea mtu asiyemcheka: mtoto wake mdogo, mama yake, mgonjwa, mke wake anapopika.

Nitaambiwa watu hawana muda. Lakini anayesikiliza mikono yake iko huru. Shangazi yangu hasikilizi bure hata siku moja. Vidole vyake vinasuka ukili wa ukindu bila kuhitaji macho, na tangu tuanze kusoma amekwisha maliza mkeka mmoja mkubwa. Mwanamke anayekuna nazi anaweza kusomewa. Wavuvi wanaoshona nyavu pale Deep Sea wanaweza kusomewa, na fundi cherehani, na kinyozi, na vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria chini ya mwarobaini. Anahitajika msomaji mmoja tu kati ya watu watano.

Nitaambiwa pia vitabu ni ghali, na hilo sitalikana, kwani kwa kijana wa kibarua kitabu kimoja ni chakula cha nyumba. Ndiyo sababu nasema tusomeane. Kitabu kinachosomwa kimya kinamfaa mtu mmoja kwa wakati mmoja. Kinachosomwa barazani kinawafaa wote kwa bei ileile. Na tunayo Maktaba ya Mkoa katikati ya mji, ile iliyojengwa kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Sita. Ni wangapi wanapita mbele ya mlango wake kila siku bila kuingia!

Msinidhanie kwamba nashikilia karatasi peke yake. Sanaa ya kututuliza imetuzunguka, ila tumeacha kuitazama. Taarabu ya Tanga, ya Black Star na Lucky Star, watu waliisikiliza kwa maneno yake. Shakila, mzaliwa wa Pangani, aliyetutoka mwaka 2016, alipoimba Macho Yanacheka hakuhitaji kelele; ukumbi ulinyamaza umsikie, na kila mmoja akajua anaimbiwa yeye. Leo tunaufungulia muziki ili tusisikilizane. Na kanga je? Asubuhi njema mtu akitembea kutoka Barabara ya Kwanza kwenda sokoni atasoma majina ya kanga kumi migongoni mwa kina mama, mengine ya kuombea, mengine ya kuonya, mengine ya kumjibu jirani aliyevaa yake jana. Mwulize mama amevaa jina gani na kwa nini alilichagua. Utapata hadithi ambayo hakuna aliyeichapisha, na yeye atafurahi kwamba kuna aliyesoma.

Basi anzeni, na mkitaka nionyeshe pa kuanzia, anzeni na Kusadikika. Ni kitabu chembamba cha mwaka 1951, na kimejengwa kwa ajili ya masikio. Karama ameshtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, na utetezi wake wote ni kusimulia: wajumbe 6 waliotumwa pande 6, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, kila mmoja na safari yake na taabu zake. Mjumbe mmoja anatosha jioni moja. Waliomo barazani wanakuwa baraza lile linalomsikiliza Karama, nao wanaanza kuhukumu pamoja na mfalme. Sisi tulianza watu wawili. Jioni ya pili akaja mjukuu wa jirani, akaketi ngazini akijifanya anachezea simu, na kurasa za mwisho za jioni ile alizisoma yeye, kwa kujikwaa, na hakuna aliyemcheka.

Jioni ya tatu nilichelewa kidogo, Magharibi ilikuwa imekaribia. Nikamkuta shangazi amekwisha tandika mkeka, ukili uko mapajani, kijana yuko ngazini na kitabu kimefunguliwa. Nikasema, "Shikamoo, shangazi." Marahaba yenyewe hakuimaliza.

"Na mjumbe huyu naye wamemfunga?"