Kura Ihesabiwe Mbele ya Macho Yetu

Katika vibanda vya michezo ya video vya Kibera na Kawangware, vijana wanaosubiri zamu hujadili siasa za Ulaya. Wako wazee wanaouita mjadala huo upuuzi. Sisi hatukubaliani nao.

Kijana ajuaye kwamba Rishi Sunak wa Uingereza alishindwa tarehe 4 Julai 2024 na kukabidhi madaraka kesho yake, amekwisha kupata kipimo cha kuwapimia watawala wake. Na yule asiyekubali bao ambalo halikuonekana kiooni si rahisi kulaghaiwa. Wazazi wake walilaghaiwa mchana kweupe. Katika uchaguzi wa mlolongo wa 1988, wapigaji kura walijipanga nyuma ya wagombea, na mahali pengi mwenye mlolongo mfupi akatangazwa mshindi. Aibu hiyo iliwasha moto wa mageuzi yaliyokifuta Kifungu cha 2A mnamo Desemba 1991.

Hata hivyo, kumjua mshindi wa London bila kujiandikisha hapa nyumbani ni kuhesabu ng'ombe wa jirani. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais, ikisema kwamba matokeo hayakupelekwa kwa mujibu wa sheria. Tarakimu zinaweza kupotea njiani. Shahidi wa kwanza ni Fomu 34A ibandikwayo mlangoni mwa kituo.

Wananchi wapenzi, jiandikisheni, pigeni kura, kisha isomeni fomu hiyo na kuinakili. Kura isiyolindwa huvunwa na mwingine.